Somo: Kukadiria thamani halisi ya mchezaji wa besiboli

Mechi nyingi za Marekani zikianza jioni kwao, hapa Nairobi ni saa nane usiku. Kukicha mabishano yameshawaka: huyu amelipwa kupita kiasi, yule amepunjwa. Hayaishi kwa sababu kila mtu amekuja na mizani yake. Hii hapa mizani moja. Chukua karatasi na kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Upigaji. Usianze na wastani wa mapigo. Wastani huo unahesabu pigo la besi moja (kituo kimoja cha kukimbilia) sawa na homurani (pigo la kuzunguka besi zote hadi nyumbani), na besi ya bure (anayopewa mpigaji mrushaji akikosea mipira minne) hauihesabu kabisa. Tumia uzito huu, ambao hubadilika kidogo tu kila msimu: besi ya bure 0.69, pigo la besi moja 0.88, besi mbili 1.25, besi tatu 1.6, homurani 2.05.

Tuseme mpigaji wetu ana zamu 600: besi za bure 60, mapigo ya besi moja 95, ya mbili 30, ya tatu 2, homurani 25. Ukizidisha na kujumlisha unapata 217. Gawa kwa 600, ni 0.362. Toa wastani wa ligi, tuseme 0.315, inabaki 0.047. Zidisha kwa 600, kisha gawa kwa 1.2 ili kugeuza hesabu kuwa mikimbio, yaani alama za timu. Amewazidi wapigaji wa kawaida kwa mikimbio 23 hivi.

Hatua ya 2: Uwanja wa nyumbani. Denver, mji wenye timu ya ligi kuu, iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali na ule wa kupinda haupindi vizuri. (Nairobi iko juu zaidi, karibu mita 1,800, homurani zingenyesha hapa.) Ukipunguza takwimu za mpigaji wa Denver, punguza nusu tu ya athari ya uwanja, kwa maana mechi 81 kati ya 162 anazicheza ugenini. Kosa la kupunguza yote ni la kawaida mno.

Hatua ya 3: Nafasi anayolinda. Hapa ndipo wengi huanguka. Kwa msimu mzima ongeza au toa mikimbio: mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji) +12.5, shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) +7.5, besi ya pili, ya tatu na uwanja wa kati +2.5, uwanja wa kushoto au kulia −7.5, besi ya kwanza −12.5, anayepiga tu bila kulinda −17.5. Kisha weka ubora wake wa kulinda na kukimbia besi. Takwimu za ulinzi za msimu mmoja huyumba sana, kwa hiyo chukua wastani wa misimu mitatu.

Hatua ya 4: Mlinganishe na mchezaji wa kuokota, yule ambaye timu yoyote ingempata kesho kwa mshahara wa chini. Timu nzima ya watu hao ingeshinda kama mechi 48 tu kati ya 162. Ongeza mikimbio 20 kwa zamu 600, kisha gawa jumla kwa 10, kwa kuwa mikimbio 10 hivi huleta ushindi mmoja. Hiyo ndiyo WAR: idadi ya ushindi anaoongeza kuliko mchezaji wa kuokota.

Mpigaji wetu, ulinzi wake ukiwa wa kawaida, akicheza uwanja wa kushoto anapata 3.6. Mpeleke shotistopu na takwimu zilezile: 5.1. Gongo ni lile lile, ushindi umeongezeka kwa mmoja na nusu.

Hatua ya 5: Pesa. Kwenye soko huria la wachezaji wasio na mkataba, makadirio ya kawaida ni dola milioni 8 hivi kwa kila ushindi. Ajenti atakuambia 3.6 mara miaka mitano ni 18, yaani milioni 144. Mkatalie. Mchezaji akifikisha umri wa miaka 30, toa 0.5 kila mwaka baada ya hapo: 3.6, 3.1, 2.6, 2.1, 1.6. Jumla 13, yaani milioni 104.

MASWALI

Swali: Mwalimu, mbona mkataba wa nyota Shohei Ohtani wa dola milioni 700 haukuifilisi timu yake, Dodgers?
Jibu: Kwa sababu milioni 680 zinalipwa kati ya 2034 na 2043, bila riba. Kwa hesabu ya kodi ya mishahara (inayotozwa timu zinazolipa kupita kiwango), ligi inauhesabu kama milioni 46 hivi kwa mwaka. Daima uliza pesa inalipwa lini.

Swali: Mrushaji wangu ana WAR mbili tofauti, kwenye tovuti za takwimu za FanGraphs na Baseball-Reference. Nifuate ipi?
Jibu: FanGraphs hutazama wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu (mipira halali waliyoikosa au kuiacha), besi za bure na homurani. Baseball-Reference huanza na mikimbio aliyofungwa, kisha husahihisha ulinzi wa nyuma yake. Ukijadili tuzo, tumia ya pili. Ukijadili mkataba ujao, ya kwanza.

Swali: Mwaka 2012 Miguel Cabrera wa Detroit aliongoza kwa wastani, homurani na mikimbio aliyoleta. Mike Trout wa Angels angemshindaje kwa tuzo ya mchezaji bora?
Jibu: Kura alizipata Cabrera. Lakini mikimbio unayoleta hutegemea wenzako waliokwisha kufika besi. Trout alilinda uwanja wa kati vizuri na kuiba besi 49. WAR yake ilizidi 10, ya Cabrera ilikuwa kama 7. Mimi ningempa Trout.

Swali: Na chipukizi wa WAR 5 anayelipwa mshahara wa chini?
Jibu: Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa dola 760,000. Kazi yake ni ya milioni 40, na tofauti inabaki kwa timu. Kwa kawaida hukaa hivyo kama miaka mitatu, kisha mitatu ya usuluhishi wa mshahara (wasipoelewana, msuluhishi ndiye huamua), ndipo awe huru. Kwa hiyo ukibishania kumbadilisha na nyota, hesabu kwanza miaka iliyobaki kabla hajawa huru.