Kuchagua rilei ya pampu au hita: anza na mzigo, si koili

Mafundi wengi wakifika dukani huulizwa kwanza volti za koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya rilei unaovuta swichi yake, ilhali hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Rilei ni swichi inayoendeshwa kwa umeme, na huharibiwa na kile inachokiwasha, yaani mzigo.

Hatua ya 1. Soma kibati cha mzigo. Pampu ya fazi moja ya kilowati 1.1 hula takriban ampea 7 hadi 8 ikiwa kwenye mwendo, lakini inapoanza kuzunguka huvuta mara tano hadi saba ya kiasi hicho kwa muda mfupi. Hita ya wati 1,000 kwenye volti 230 huvuta kama ampea 4.3 tangu inapowashwa. Ampea 10 zilizoandikwa ubavuni mwa rilei ndogo kwa kawaida ni za mzigo kama hita. Niliwahi kuipa rilei ya aina hiyo kazi ya pampu. Ncha zake zikaungana kwa cheche, na hata boya, yaani swichi inayoelea ndani ya tangi, lilipokata umeme wa koili pampu iliendelea kusukuma, nikaitwa usiku tangi likifurika.

Hatua ya 2. Kwa mota, tumia kontakta, yaani rilei kubwa ya mizigo mizito, na usome ampea zake za daraja la AC-3, ambazo ni za mota, si zile kubwa zaidi za AC-1 ambazo ni za hita. Boya liwashe koili ya kontakta tu. Ongeza rilei ya kuzuia mzigo kupita kiasi, uiseti kwa ampea za kibati cha pampu.

Hatua ya 3. Hesabu ni mara ngapi mzigo utawashwa. Kidhibiti joto cha mashine ya kutotoleshea vifaranga kikiwasha hita kila sekunde 10, hiyo ni mara 8,640 kwa siku, na rilei yenye uhai wa mara 100,000 itakwisha kabla ya wiki mbili. Hapa ndipo rilei isiyo na kitu kinachosogea, mafundi huiita SSR, inapostahili bei yake. Hata hivyo hutoa joto la wati moja au zaidi kwa kila ampea, hivyo ifungwe kwenye kipoza joto cha alumini. Tena ikiharibika mara nyingi hubaki imewasha, kwa hiyo weka mbele yake kontakta inayokatwa na thamostati ya pili, la sivyo mayai yatachemka.

Hatua ya 4. Angalia kama mzigo ni wa AC (umeme unaobadili mwelekeo, kama wa gridi) au DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri). Umeme wa AC wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde na kuzima cheche, lakini wa DC haupiti, ndiyo maana rilei ya volti 250 za AC mara nyingi huruhusiwa volti 30 tu za DC.

Hatua ya 5. Sasa chagua koili inayolingana na volti za kidhibiti. Ikiwa ni ya DC, ifunge diodi (kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007 sambamba nayo ili kuzuia mpigo wa volti koili inapozimwa, mstari wa diodi ukiwa upande wa chanya, kisha ujaribu rilei bila mzigo kabla ya kuunganisha pampu.