Kufunga kontrola ya breki za trela kwenye SUV ya familia, hatua kwa hatua

Jamani, naandika hii kwa ajili ya ndugu zetu huku Marekani mlioanza kununua matrela ya kulala, yale ya kwenda kukampi na watoto kipindi cha joto. Mi nipo Minnesota, gari langu ni Toyota Highlander ya 2016 yenye V6, trela langu lina eksel mbili na likiwa na maji na vyombo linakaribia pauni 4,200. Kontrola nilifunga mwenyewe uani Jumamosi moja, kazi ya kama saa sita hivi pamoja na kunywa chai, na ntaeleza kila kitu nilichofanya pamoja na pale nilipokosea.

Kwanza kwa nini. Mwenye trela aliyeniuzia aliniambia breki za gari zinatosha, nikamwamini. Safari ya kwanza tukaenda Duluth, sasa wanaoijua ile I-35 wanajua ukifika Thompson Hill barabara inashuka kwa nguvu na kwa urefu mpaka kule chini mjini ziwani, kama umewahi kushuka Kitonga kule Iringa umekaa nyuma ya semi linalonuka breki basi unaelewa naongelea nini. Nakanyaga, gari linapunguza mwendo, trela haliachi kusukuma, nasikia linanigonga kwa nyuma kupitia kiti, harufu ya breki imejaa ndani na watoto wamelala. Tulifika salama namshukuru Mungu, ila usiku ule sikulala. Na kinachouma ni kwamba trela lilikuwa na breki zake nne nzima kabisa! Zilikuwa zimelala tu kwa sababu hakuna kitu kwenye gari cha kuziamsha.

Breki za umeme za trela zinafanya kazi hivi, ndani ya kila dramu kuna sumaku, ikipata umeme inaivuta dramu, ikishikwa inasukuma mkono unaofungua shuu za breki. Umeme ukiwa mdogo inashika kidogo, ukiwa mwingi inashika sana. Kontrola ndo inayoamua ipeleke umeme kiasi gani. SUV nyingi za familia zinatoka kiwandani bila hiyo kitu, hata zile zenye risiva ya kuvutia (kile chuma cha nyuma cha kufungia trela), unakuta zina plagi bapa ya waya nne tu, na hizo nne ni za taa na ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye hasi) basi, hakuna waya wa breki.

Kabla hujanunua chochote chungulia kitabu cha gari lako ujue linaruhusiwa kuvuta kiasi gani. Highlander yangu mwisho ni pauni 5,000 na hapo lazima iwe ile yenye maandalizi ya kuvuta. Pima trela likiwa limejaa, usipime tupu, maana galoni moja tu ya maji ni zaidi ya pauni 8. Sheria kila jimbo lina yake, hapa Minnesota trela likifika pauni 3,000 na mzigo wake lazima liwe na breki, Texas ni likizidi 4,500, kwa hiyo usichukue jibu la mtu wa jimbo lingine. Alafu chungulia chini ya dashibodi upande wa dereva, magari mengine yana soketi tayari ya kontrola, ukiikuta nunua hanesi yake (fungu la waya lenye plagi) ya kuunganishia na nusu ya kazi imeisha. Yangu sikuikuta nikavuta waya zote mwenyewe.

Kontrola zipo za aina mbili. Ya kwanza inapandisha umeme mpaka kiasi ulichoseti, haijali umekanyaga kwa nguvu au kidogo. Ya pili inapima gari linavyopunguza mwendo na kupeleka umeme kulingana na hapo, ukigusa breki nayo inagusa, ukikanyaga kwa nguvu nayo inakanyaga. Kwa gari la familia chukua hii ya pili, ongeza hela kidogo usisite. Mi nina Tekonsha Prodigy P3. Vingine nilivyonunua ni soketi ya nyuma ya pini 7, kebo ya waya mbili nene geji 10, sakiti breka mbili (zinazokata umeme ukizidi) za ampea 20 na 40, terminali za duara, na mpira ule unaosinyaa ukiupasha moto. Nyumbani nilikuwa na mita, testa ya taa, koleo la kubania terminali na tai za plastiki.

Haya tuanze. Fungua waya wa hasi kwenye betri kabla ya kitu kingine chochote, na subiri kama dakika mbili kabla hujaingiza mikono chini ya dashi, kwenye Toyota wanasema angalau sekunde 90 kwa ajili ya eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali.

Kwenye boneti tafuta sehemu karibu na betri ya kufunga sakiti breka. Kila breka ina ncha mbili, iliyoandikwa BAT inaelekea kwenye betri na AUX inaelekea kwenye mzigo, usizigeuze. Ile ya 20 ni ya kontrola, ya 40 ni ya kuchaji betri ya trela. Kwa nini 20? Sumaku moja ya breki za kawaida inakula kama ampea 3, nne ni 12, inatosha na kubaki, ila ukiwa na eksel tatu weka 30. Mi nilifunga waya zote kwanza nikaacha ule wa kwenda chanya ya betri mpaka mwisho kabisa.

Kuingia ndani tumia raba iliyopo kwenye ule ukuta wa chuma kati ya injini na kabini, pale hanesi kubwa ya gari inapopita. Toboa kitundu kidogo kwenye raba, sukuma waya wa henga ulionyooshwa, funga kebo kwenye ncha uivute ndani. Usitoboe chuma kwa drili kama huoni kilichopo upande wa pili. Kebo hii fupi ina waya mbili, mweusi ni chanya kutoka breka ya 20, mweupe ni ethi ya kontrola na huo nenda nao moja kwa moja mpaka hasi ya betri, usiubane kwenye skrubu yoyote uliyoiona chini ya dashi.

Kebo ndefu ya kwenda nyuma ndo inayochosha. Pandisha gari kwenye stendi, narudia, stendi, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Pitisha kebo kufuata hanesi au mabomba yaliyopo tayari, kaa mbali na eksozi, mbali na propela shafti, mbali na chochote kinachocheza gari likipita shimo, na funga tai kila baada ya urefu wa mkono mmoja. Sasa hapa sikiliza vizuri maana watu wengi wanachanganyikiwa, hii kebo nayo ina mweusi na mweupe, lakini mweupe wa huku SIO ethi! Mweusi unabeba umeme wa kuchaji kutoka breka ya 40, mweupe unabeba umeme wa breki kutoka waya wa bluu wa kontrola. Nilichofanya ni kuzungushia tepu ya bluu ncha zote mbili za ule mweupe kabla hata sijaingia chini ya gari, fanya hivyo, itakuokoa wewe au fundi atakayekuja baada yako.

Nyuma, soketi ya pini 7 unaifunga kwenye risiva na ile plagi ya taa ya waya nne inachomekwa kwenye mkia wake. Zinabaki nyeusi kwa nyeusi, bluu kwa ule mweupe wenye tepu ya bluu, na nyeupe ya soketi hii ndo ethi kweli, inaenda kwenye chesisi. Ya zambarau ni ya taa za rivasi, kama trela lako halina ifunge tepu uiache.

Hiyo ethi ya nyuma ndo kosa langu. Niliibana kwenye tundu lililokuwepo tayari, nikaona chuma imeshika nikaondoka. Wiki ya pili kontrola ikaanza kuonyesha trela limeunganishwa, mara halijaunganishwa, breki zinashika nikiwa barabara nzuri na zikifika kwenye vumbi zinapotea. Nilibadilisha plagi, nikafungua waya za trela, siku mbili zimeenda. Kumbe chini ya terminali kulikuwa na rangi ya kiwandani, nyembamba na nyeusi hata huioni, umeme unapita kwa kubahatisha kupitia nyuzi za skrubu. Nikapiga msasa mpaka chuma ikang'aa nyeupe, nikabana upya, nikapaka grisi juu kuzuia kutu maana huku wanamwaga chumvi barabarani miezi yote ya baridi. Mpaka leo haijarudia.

Sasa waya mwekundu. Huu ndo unaoiambia kontrola kwamba dereva amekanyaga breki, na ukiukosea kila kitu kingine hakina maana. Unaunganishwa kwenye swichi ya taa za breki, ile iliyopo juu ya pedali, lala sakafuni kichwa kiwe karibu na pedali na tochi mdomoni utaiona, ndogo, plagi ina waya kadhaa. Usiamini rangi uliyoambiwa na mtu, rangi zinabadilika mwaka hadi mwaka. Rudisha hasi ya betri kwa muda, bana klipu ya testa kwenye chuma tupu, gusa waya mmoja mmoja kwa nyuma ya plagi. Unaoutaka ni ule ambao haujawaka kabisa ukiwa hujakanyaga, na unawaka vizuri ukikanyaga. Ukiupata usishangilie bado, washa hazadi uangalie kama testa inapepesa, washa taa kubwa, geuza ufunguo kwenye ON na kwenye OFF. Ikipepesa na hazadi sio huo, kwa sababu kila ukiwasha hazadi trela litakuwa linapiga breki lenyewe. Ukishauhakikisha toa tena hasi, menya plastiki kidogo bila kukata waya wa gari, zungushia mwekundu, chomelea kwa risasi na ufunge tepu. Vile viklipu vya kubofya vinavyokuja kwenye paketi mi sivitumii hapa, vinalegea na vinaweza kukata nyuzi za ndani, na huu ni waya wa taa za breki za gari lako lenyewe.

Kufunga kontrola penyewe ni rahisi ila kuna hatari moja kubwa. Highlander hii ina eabegi ya magoti ya dereva, iko nyuma ya paneli chini ya usukani, tena pale pale ambapo picha nyingi zinaonyesha watu wakipiga skrubu. Usipige skrubu pale. Na ukiona plagi au waya wa njano chini ya dashi usiuguse. Mi niliweka pembeni ya konsoli ya katikati upande wa dereva, skrubu fupi, mkono wangu unafika bila kuinama. Kontrola ielekee mbele sawasawa na uelekeo wa gari, ikienda mshazari inapima vibaya, na mwinuko wake fuata kitabu kilichokuja nayo.

Unganisha ule waya wa breka kwenye chanya ya betri, rudisha na hasi, chomeka trela, kontrola itakuonyesha imeliona. Kuseti nenda kwenye parking kubwa isiyo na magari, lami kavu, mzigo ukiwemo kwenye trela. Endesha maili 25 kwa saa, usikanyage pedali, sukuma ule mkono mdogo wa kontrola unaoshika breki za trela peke yake, trela litavuta gari kwa nyuma. Pandisha nguvu kidogo kidogo mpaka matairi ya trela yanapokaribia kukwama, yakikwama yakaburuza shusha kidogo, hapo ndo penyewe. Mzigo ukipungua au barabara ikiwa ya mchanga au mvua shusha tena. Huo mkono pia ukumbuke vizuri, trela likianza kuyumba kushoto kulia kwa sababu ya upepo au semi limekupita, toa mguu kwenye mafuta na usukume huo mkono taratibu, trela linanyooka. Mfundishe na mkeo au mumeo, yeyote anayeshika usukani.

Breki zikiwa mpya zinahitaji kuzoezwa, kama mara 20 hadi 30 za kupunguza kutoka maili 40 mpaka 20, ukiacha nafasi zipoe. Baada ya maili 200 za kwanza kaza shuu, kisha kila maili 3,000. Na ile pini yenye kamba ya kukatika, inayowasha breki trela likichomoka, ijaribu kwa kuivuta, lakini chomoa kwanza plagi kwenye gari usije ukaiharibu kontrola.

Safari ya kwanza baada ya kufunga simama baada ya kama maili 10, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu la trela bila kugusa. Yote manne yawe na joto linalolingana. Moja likiwa baridi huenda kuna waya umekatika kwenye gurudumu hilo au sumaku imekufa, moja likiwa linaunguza kuliko mengine huenda shuu zimekazwa sana, zilegeze hapo hapo kabla hujaendelea.