Kutembea kwa Mazoezi Ukiwa na Ugonjwa wa Moyo, Mishipa au Mapafu

Mwone kwanza daktari anayekutibu, kwa kuwa mtu ambaye maumivu ya kifua humjia hata akiwa ameketi hapaswi kujipangia mazoezi mwenyewe. Akikuruhusu, anza na dakika tano za mwendo wa polepole, kisha ongeza kasi hadi uheme kidogo huku ukiweza kusema sentensi nzima. Ukishindwa kuimaliza, punguza mwendo.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hivyo mwenye mapafu dhaifu aliyetoka Mombasa huenda akahema mapema kuliko alivyozoea. Chagua njia tambarare ndani ya bustani ya miti ya Arboretum au msitu wa Karura, zote za Nairobi. Kandokando ya Barabara ya Jogoo, katikati ya moshi wa matatu, si mahali pa mazoezi hata kama ni karibu na nyumbani. Vuta pumzi kwa pua, uitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa, na dawa yako ya kuvuta iwe mfukoni.

Mwenye mishipa ya miguu iliyoziba ana utaratibu wake: atembee hadi maumivu ya shavu la mguu yawe makali kiasi, asimame yaishe, kisha aendelee hivyo kwa dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki. Wengi huyaogopa maumivu hayo wakabaki nyumbani, jambo ambalo kwa maoni yangu huwadhuru zaidi.

Ukihisi kizunguzungu, moyo kwenda mbio ovyo au kifua kubana, acha mara moja. Kifua kisipotulia baada ya dakika chache za kupumzika, upelekwe hospitali, wala usiendeshe gari mwenyewe.