Kufungua na kubadilisha kichwa cha gololi cha stendi ya kamera

Gololi ya kichwa cha stendi, ile tufe inayobeba kamera na kuiruhusu kuinama pande zote, hufanya kazi ya breki, si ya beringi. Ndiyo maana anayekipulizia oili kichwa kilichokwama kwa vumbi la Ruaha hukiona kinalegea siku hiyohiyo: hata ukikaza hadi vidole viume, lenzi inaendelea kuinama taratibu.

Andaa alenki (funguo za pembe sita) za milimita 1.5, 2.5, 3 na 4, spiriti, mswaki wa zamani na kitambaa kisichoacha nyuzi. Fanyia kazi juu ya sinia lililotandikwa taulo, maana ndani mara nyingi mna springi, na springi ikiruka Mbeya nzima hutaipata.

Legeza nobu zote, kisha ondoa kibanio cha juu, kile kinachoshika kamera. Geuza kichwa, fungua skrubu za kitako. Vichwa vingi hufungukia chini kwa sababu mdomo wa juu ni mwembamba kuliko gololi. Piga picha kila kipande kabla hujakiondoa. Skrubu ndogo zisizo na kichwa kwa kawaida zimetiwa gundi. Ukizilazimisha, tundu la alenki linakuwa duara na kazi imeishia hapo. Zipashe kwanza kwa draya ya saluni kwa dakika mbili tatu, halafu fungua zingali moto.

Safisha gololi na kikombe chake kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Petroli iache, inaweza kuharibu pete ya plastiki. Msasa usiguse gololi ya alumini. Ukikwangua ngozi yake ngumu, haitateleza sawasawa tena. Grisi kidogo, kama punje ya mchele, inakaa kwenye meno ya nobu na kitako kinachozunguka tu. Chagua nyepesi: alfajiri ya Julai kwenye baridi ya uwanda wa juu wa Kitulo grisi nzito huganda, na nobu inazunguka kwa shida.

Kama unataka kuweka kibanio cha mtindo wa Arca-Swiss, kile kinachobana bamba la kamera kwa kingo zake za mshazari, hapa ndipo wengi huharibu. Skrubu ya M6 (ya unene wa milimita 6) na ya robo inchi zinafanana sana machoni, lakini meno ya M6 yamepishana milimita 1 na ya robo inchi milimita 1.27. Nenda soko la Mwanjelwa na skrubu ya zamani mkononi. Mpya iingie kwa vidole mizunguko mitatu bila kugoma. Ikigoma mapema, si yake. Ikiwa ndefu mno inagota chini: unahisi imekaza, kumbe kibanio bado kinazunguka. Ikate, kisha tia tone moja la gundi ya skrubu, ile inayofunguka kwa zana za mkono.

Rudisha vipande kwa kufuata picha. Kwenye kibanio funga kilo mbili za sukari, laza kichwa nusu, kaza, kisha chora mstari wa penseli unaovuka gololi na mdomo wake. Baada ya dakika kumi mstari ukiwa umeachana, kuna mafuta yamebaki kwenye kikombe. Fungua tena, osha.