Laptopu imelala, chaji inaisha: diski ina hatia au inasingiziwa?

Umefunika laptopu usiku ikiwa na chaji 90, asubuhi unaikuta 60. Usikimbilie diski. Mimi nilihangaika siku mbili na `hdparm -S` ya Linux, kumbe amri hiyo huamua diski ya kuzunguka isimame lini mashine ikiwa macho. Ikilala, yangu ilikuwa imeshazimwa zamani.

1. Jua aina ya usingizi. Kwenye Windows andika `powercfg /a`. Kwenye Linux:

`cat /sys/power/mem_sleep`

Neno lenye mabano ya mraba ndilo linalotumika. `deep` ndiyo S3, usingizi mzito: kwa kawaida diski hukatiwa umeme, RAM ikaendelea kulishwa. Hapo diski haina cha kupunguzwa. `s2idle` (Windows huiita S0) si kulala, ni kusinzia. Diski inabaki na umeme, hivyo inapaswa kushuka hadi hali ya kutumia umeme kidogo.

2. Kama `deep` ipo ila haijachaguliwa, hifadhi kazi zako kwanza, kisha:

`echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep`

Ilaze, iamshe. Skrini ikibaki nyeusi, izime na kuiwasha. Badiliko hili hupotea. Ikiamka vizuri, weka `mem_sleep_default=deep` kwenye vigezo vya kerneli (maagizo ambayo Linux husoma inapowaka) ili lidumu.

3. Kama kuna `s2idle` tu, sasa diski ndiyo ya kushughulikia. Kwenye Linux, kwa SSD ya NVMe (aina mpya, yenye kasi):

`sudo nvme get-feature /dev/nvme0 -f 0x0c -H`

Unatafuta APST (uwezo wa SSD kushuka yenyewe kwenye umeme mdogo) iwe "Enabled". Ikiwa imezimwa, kagua vigezo vya kerneli kama kuna `nvme_core.default_ps_max_latency_us=0`. Watu huiweka kutibu SSD inayogandaganda, halafu wanaisahau. Iondoe, lakini SSD ikianza kuganda tena, irudishe.

Kwa diski ya SATA (aina ya zamani zaidi), andika `med_power_with_dipm` kwenye faili `link_power_management_policy` iliyo ndani ya `/sys/class/scsi_host/host0/` (namba ya host yaweza kuwa nyingine). `min_power` iache, kuna SSD zilizowahi kuharibu data kwa sababu yake.

4. Chomoa diski ya USB. Basi.

5. Pima tena. Badilisha kitu kimoja kwa usiku mmoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Kwenye Windows zenye S0, `powercfg /sleepstudy` hutoa ripoti ya kilichokuwa kikifanya kazi usiku. Mara nyingi utakuta ni kadi ya Wi-Fi.