Mchoro wa abstrakti umeisha, sasa uuite nini?

Kosa ninaloliona kila siku, na hata mimi nimelifanya sana tu, mtu anamaliza mchoro wake wa abstrakti, yaani wa rangi na mistari tu usioonyesha kitu halisi, halafu anaubandika jina zito kama "Matumaini" au "Safari ya Nafsi", sasa jina hilo linaweza kukaa kwenye mchoro wowote ule, maana yake huu wako halijaugusa.

Mi nafanya hivi: ukishakauka naugeuzia ukutani siku mbili tatu, nikija kuugeuza naandika haraka haraka kila kinachonijia kichwani, maneno ishirini hivi, hata ya kijinga, kuchuja baadaye.

Tuseme kanvasi yako ni kijivu tupu na mstari mmoja mwekundu umeshuka upande wa kulia. Ukiuita "Huzuni" umeshampangia mtu ahisi nini, ataangalia sekunde mbili apite. Ukiuita "Mstari Mwekundu" unamsomea kitu anachokiona kwa macho yake mwenyewe. Lakini andika "Kabla Simu Haijaita" uone, anaurudia ule mstari anajiuliza simu ya nani, na kijivu chote kile kinageuka kuwa kusubiri. Na vitenzi msiviogope jamani, Kiswahili hapo kimetubeba, "Hawajarudi" ni neno moja tu ila ndani yake kuna watu, kuna muda, kuna wasiwasi.

Jina la mahali nalo linafaa. Mchoraji Mmarekani Helen Frankenthaler mwaka 1952 alitoka kutembea Nova Scotia, Kanada, akamwaga rangi nyepesi juu ya kitambaa kilichotandikwa sakafuni, akauita mchoro "Milima na Bahari", basi.

Namba je? Jackson Pollock, mchoraji wa abstrakti wa Marekani, alizitumia kama majina ili mtu aangalie rangi asianze kutafuta vitu, ila ile Namba 1 ya 1950 wengi wanaijua kama "Ukungu wa Lavenda", jina alilolipendekeza mkosoaji wa sanaa Clement Greenberg, na cha kuchekesha rangi ya lavenda yenyewe haimo. Kwa hiyo jina si lazima liseme kweli kuhusu rangi. "Bila Jina" sina ugomvi nalo, weka tu mwaka na namba, la sivyo ukishakuwa nazo kumi utachanganyikiwa wewe mwenyewe.

Ukishalipata litamke kwa sauti, likihitaji maelezo tupa. Halafu liandike nyuma kwa penseli kwenye mbao za fremu, sio kwa wino juu ya kitambaa, mi wino ulishawahi kupenya ukatokea mbele kama doa, ikabidi nitafute jina lingine kwa ajili ya lile doa.