Ninunue SSD ya GB 500 au hadi diski ya GB 1000? Inategemea unaenda kuweka nini

Wiki iliyopita mama mdogo kanipigia akiwa dukani kabisa, kasimama mbele ya kaunta, anauliza "mwanangu, huku kuna ya 500 na kuna ya 1000, bei zinakaribiana, si nichukue tu ya elfu moja?" Nikamwambia nipe huyo kijana, nikaongea naye, ndo nikajua ya 500 ni SSD, yaani diski ya chipu, na ya 1000 ni hadi diski ya kuzunguka, ile ya kubeba ya USB. Nikamwambia mama usilipe kwanza, rudi nyumbani, naja jioni. Maana swali la ipi kubwa halina kichwa wala miguu mpaka ujue unaenda kuweka nini humo ndani, na nyumba moja inaweza kuhitaji zote mbili kama ilivyo kwake: ana laptopu ya mtumba ambayo ukiiwasha unaweza kubandika chai ukarudi bado inazungusha kiduara, ana picha za familia tangu enzi za kamera ya digitali, na ana kamera nne za ulinzi, mbili getini mbili uani.

Hadi diski ichukulie kama santuri za zamani. Ndani kuna sahani zinazozunguka, za laptopu nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, za desktopu nyingi 7,200, na kuna mkono wenye kichwa kidogo sana kinachoelea juu ya sahani bila kuigusa, umbali wa nanomita chache tu, hata vumbi halipenyi. Kompyuta ikitaka kitu mkono lazima uende mpaka kwenye mstari wake halafu usubiri sahani izunguke ilete lile eneo, hapo zimeshapita kama milisekunde 10 mpaka 15. Utasema si kidogo hiyo? Ni kidogo kama faili ni moja, ila Windows ikiwaka inaokota vifaili maelfu kwa maelfu vilivyotapakaa huku na huko, na kwa mwendo huo diski inaokota kama 70 au 100 tu kwa sekunde. SSD ni chipu tupu, hamna kinachozunguka hamna mkono, inaokota maelfu kwa hiyo sekunde moja. Hapo ndo penye tofauti yote unayoisikia ukikaa mbele ya kompyuta.

Lakini faili moja refu, mfano video ya harusi, hadi diski inaisoma vizuri tu, MB 100 mpaka 150 kwa sekunde, na video yenyewe kucheza haihitaji hata MB 5. Haiwi nzuri zaidi eti kwa sababu iko kwenye SSD. Kwa hiyo mi huwa nasema hivi, kinachofunguliwa kila saa kiende SSD, kinachokaa kikisubiri siku yake kiende hadi diski. Mengine ni maelezo ya jinsi ya kutokuibiwa.

Kwenye laptopu basi hamna mjadala, weka SSD. Kujua uliyonayo ni ipi bonyeza Ctrl+Shift+Esc kwa pamoja, ingia Performance, bonyeza Disk 0, itakuandikia HDD (ndo hadi diski) au SSD. Ya mama mdogo ilisoma HDD na ule mstari umepanda mpaka asilimia 100 na hajafungua kitu chochote, Windows inahangaika peke yake. Watu wengi wakiona hivyo wanaambiwa waongeze RAM, wanaongeza, hali ile ile, kumbe mgonjwa ni diski.

Kabla hujatoa hela angalia laptopu yako inapokea SSD ya aina gani, hapa ndo watu wengi wanapigwa na chenga. Kuna ya inchi 2.5, ina umbo lile lile la hadi diski ya laptopu, inakaa pale pale na kebo ile ile, inayoitwa SATA. Halafu kuna ya M.2, nyembamba kama kipande cha bablish, ile iliyoandikwa 2280 maana yake upana milimita 22 urefu 80. Sasa hiyo M.2 yenyewe ina mbili, kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe, ambayo ndo ya kasi zaidi, kwa macho zinafanana kama pacha, ila mara nyingi ya SATA ina mikato miwili kwenye meno na NVMe ina mmoja, na tundu linalokubali moja linaweza kuikataa nyingine. Usikisie. Chukua jina kamili la modeli chini ya laptopu, litafute kwenye tovuti ya waliolitengeneza, uone imeandikwa nini. Na usibabaishwe na namba, SSD ya SATA inafika kama MB 550 kwa sekunde, NVMe nyingi zinaanzia 2,000 kwenda 3,500 na nyingine mpaka 7,000, lakini kama kazi yako ni Word, Excel, YouTube na kuprinti fomu, ukitoka kwenye hadi diski kwenda SATA utaruka kwa furaha, ukitoka SATA kwenda NVMe hutajua kama kuna kilichobadilika. Kama laptopu ina tundu la NVMe na bei ni ile ile basi chukua NVMe, ila usinunue laptopu mpya kwa ajili hiyo.

Ukubwa, GB 256 inatosha kwa kazi za kawaida, 500 inakupa nafasi ya kupumua, na usiijaze mpaka mwisho, iachie kama sehemu moja ya tano wazi maana SSD ikijaa inakuwa nzito kuandika. Wala usiogope ile habari kwamba SSD ina maandishi ya kuhesabiwa. Ni kweli yanahesabiwa, wanaita TBW, ila chukua mfano Samsung 870 EVO ya TB 1, imepewa 600 TBW, yaani TB 600 za kuandika, ukiandika GB 50 kila siku ya Mungu inakuchukua zaidi ya miaka 30 kuzimaliza. Laptopu yenyewe itakuwa imeshaenda kuuzwa skrepa.

Kufunga ni kazi ya nusu saa. Nilichomoa chaja, betri nayo nikaitoa, nikachora umbo la laptopu kwenye karatasi na kila skrubu niliyofungua nikaibandika kwa selotepu sehemu yake, maana hazilingani urefu na ile ndefu ukiichomeka pa fupi inaweza kutoboa mpaka juu kwenye kibodi. Zilikuwa tisa, mbili zimejificha chini ya vile viguu vya mpira. Diski yenyewe haiinuliwi, inasukumwa kwa pembeni itoke kwenye meno kwanza ndo unainua, we ukiivuta juu unavunja soketi halafu unaanza kutafuta fundi wa madabodi. Kuna wanaopenda kukloni, yaani unahamisha kila kitu kilivyo kwa kutumia kava ya USB, kile kijisanduku cha kuwekea diski ili uichomeke kwa nje, na programu kama Clonezilla ambayo ni ya bure, mi napendelea kupiga Windows upya nikahamisha mafaili tu, kwa sababu laptopu ya mtumba huwezi jua ndani inabeba takataka gani za wenye nayo wa mwanzo. Kabla ya SSD ilikuwa inachukua kama dakika nne mpaka itulie. Baada ya hapo mama mdogo alikuwa bado anatafuta miwani, tayari inamuuliza nywila.

Picha za familia hizo zinataka hadi diski, na siyo moja, mbili. Kwa hela ile ile unapata nafasi kubwa zaidi, na tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu zimepaa dunia nzima kwa sababu data senta za AI zinanunua kila kitu, kwa hiyo kuweka muvi na picha kwenye SSD sahivi ni sawa na kufugia kuku sebuleni. Kuna sababu nyingine pia ambayo wauzaji hawaitaji, SSD inashika data kwa chaji za umeme ndani ya chipu, ukiitupa kabatini miaka bila kuichomeka zile chaji zinavuja pole pole, na joto linaharakisha. Kiwango cha viwandani kinadai SSD ya kawaida iliyokwisha chakaa ishike data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30, mpya inashika zaidi sana, ila we fikiria kabati la chumba kisicho na feni hapa Dar mwezi wa pili. Hadi diski nayo si ya kusahau, ichomeke kila baada ya miezi kadhaa izunguke, na isitikiswe ikiwa inafanya kazi. Nimeshaona mtu anakopi picha huku laptopu iko mapajani kwenye daladala, nikajisemea huyu hampendi huyo mtoto kwenye picha.

Ukikopi chomeka kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani. GB 100 hapo ni kama dakika 17 mpaka 20 kama ni mafaili makubwa, kwenye tundu la USB 2 ni karibu saa nzima, vipicha vidogo vidogo vinachelewa zaidi popote pale. Fomati iwe exFAT kama utachomeka Windows na Mac. Na ukiona TB 1 inasoma 931 hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kamera za ulinzi, hapo watu huniuliza kama SSD itadumu zaidi. Piga hesabu. Kamera nne zikirekodi Mb 2 kwa sekunde kila moja (hizo ni megabiti, nane ndo MB 1) ni MB 1 kwa sekunde jumla, kwa siku ni kama GB 86, TB 1 inakupa siku 11 hivi halafu inaanza kufuta za zamani. SSD kwa mzigo huo ingeishi miaka, shida ni kwamba unalipa hela nyingi kwa kasi ambayo DVR, lile boksi linalorekodi kamera, haiitumii. Zikiwa kamera 16 za Mb 4 mambo yanageuka, unaandika karibu GB 690 kwa siku, ile 600 TBW unaila kwa miaka miwili na nusu hivi. Chukua hadi diski zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera, WD Purple au Seagate SkyHawk, zimeundwa kuandika usiku na mchana, na uangalie kwanza DVR yako inakubali mwisho TB ngapi. Ukiweza iwekee UPS ndogo, yaani betri ya akiba, umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika hakuna diski inayopenda, iwe ya kuzunguka iwe ya chipu.

Sasa feki. Mimi mwenyewe nimeliwa, niseme ukweli. Nilinunua kwa jamaa mmoja wa mtandaoni SSD ya kubeba "TB 2", nzuri, ya chuma, inang'aa, bei ya kutupa. Nikaichomeka inasoma TB 2 kweli. Nikakopi muvi, baada ya hapo kila nikifungua ya juzi juzi haichezi. Nikaifungua kwa kisu, ndani kuna kadi ya memori ya simu imebandikwa kwa gundi, na programu yake imefundishwa kudanganya ukubwa. H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, ilinionyesha nafasi ni GB 58. Siku hizi sikabidhi hela mpaka niwe na uwezo wa kurudisha, na kitu cha kwanza ni H2testw inaandika mpaka mwisho kisha inasoma tena, hata ikichukua usiku kucha.

Kwa hadi diski ya mtumba nenda na fleshi yenye CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Angalia masaa iliyowaka, 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzimwa. Kisha tazama mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu za diski, zote zinatakiwa kuwa sifuri, C5 ikiwa na namba yoyote rudisha tu hata kama muuzaji anaapa. Na masaa nayo yanafutwa, mwaka 2025 kule Ujerumani ziligundulika diski za mtumba zimefutwa masaa zikauzwa kama mpya, kwa hiyo angalia na kingo za plagi kama zina mikwaruzo.

Jambo la mwisho ambalo lilinifanya nikae na mama mdogo mpaka saa tatu usiku ni namna zinavyokufa. Hadi diski mara nyingi inalalamika kwanza, inakuwa nzito, inagonga tik, tik, tik, na ukiisikia hivyo zima hapo hapo usijaribu tena na tena, fundi wa kuokoa data bado anaweza kupata kitu. SSD mara nyingi inalala nzima inaamka maiti, na hata faili ukilifuta kwa makosa kompyuta inaiambia SSD isafishe eneo lile, likishasafishwa hamna cha kuokoa. Ndo maana picha haziwezi kukaa kwenye kimoja tu.

Basi alirudi kesho yake akachukua ile SSD ya 500 kwa ajili ya laptopu. Diski ya zamani niliipima, mistari yote sifuri, nikaitia kwenye kava ya USB ikawa nakala ya kwanza ya picha, na mshahara ukitoka atanunua ile ya 1000 iwe nakala ya pili ikakae kwa dada yangu. DVR ina diski yake, haiguswi. Kwenye kava nimeandika kwa maka peni nyekundu "PICHA ZA BIBI, USIFOMATI", kwa sababu ana mjukuu wa miaka 12 anayetafuta nafasi ya magemu kila mahali.